Siku Hakuna Aliyekuja Kuazima Mtoto

Mtaani kwetu Mbotela kuna sheria ambayo hakuna aliyeitunga lakini kila mtu anaifuata. Siku ya kupiga kura, mama mwenye mtoto mchanga hapangi foleni. Karani akimwona tu, anampungia mkono apite mbele pamoja na wazee na wajawazito. Kwa hiyo siku hiyo mtoto mchanga huazimwa kama sufuria kubwa ya matanga, na mwenyewe akikataa kumtoa ataitwa mchoyo mpaka uchaguzi mwingine.

Nilikuja kuijua sheria hiyo vizuri nilipomzaa kifunguamimba wangu. Diwani wetu wa wakati ule alikuwa amefariki, uchaguzi mdogo ukaitishwa, na akajitokeza mtu mmoja wa kelele ambaye nitamwita mheshimiwa, maana ndivyo alivyojiita hata kabla hajachaguliwa. Alikuja na gari lenye spika nne juu. Alicheza ngoma matangani mpaka wafiwa wakasahau kulia. Alikuvulia kofia, akakupa jina la utani, na kesho yake akakutukana kwa jina hilo hilo mbele ya umati. Debe tupu haliachi kuvuma, wazee walisema, lakini nao walikuwa wamesimama pale pale wakilisikiliza debe.

Jirani yetu wa mlango unaotazamana na wangu, dereva wa lori mzaliwa wa Ukambani, mtu mpole mwenye tumbo kubwa, alifanya kosa la kutikisa kichwa wakati mheshimiwa akihutubia uwanjani. Mheshimiwa alimwona. "Wewe wa tumbo," alisema kwenye spika, "unatingisha kichwa ya nini na kwako hata paka haikuogopi?" Uwanja mzima uliangua kicheko, na watoto wa dereva walikuwa hapo mbele wakisikia.

Asubuhi ya kura, filimbi za kuwaamsha wapiga kura zilianza kulia kukiwa bado giza. Wa kwanza kubisha kwangu alikuwa mama wa nyumba ya kona. "Nisaidie na mtoto kidogo," alisema, "huyu jamaa lazima aingie, anatuchangamshia mtaa." Nikampa. Hajamaliza kumrudisha, dereva akawa amefika mlangoni, amevaa koti la harusi. "Mathe, nisaidie na mtoi. Laini imefika barabarani na huyu mtu lazima tumtoe." Nilimwambia hatuwezi kumtoa mtu ambaye hajaingia. Akasema basi tutamtoa hapo hapo mlangoni. Nikampa pia.

Binti yangu hakurudi. Alipita mkono hadi mkono, wa wanaompenda mheshimiwa na wa wanaomchukia, na mimi nimekaa kitandani maziwa yamejaa na hasira zimenijaa zaidi. Mwishowe nilifunga leso nikamfuata. Foleni ilikuwa imezunguka shule, ikatoka langoni, ikaelekea Jogoo Road, na watu walikuwa wakibishana na kucheka kana kwamba wamekuja kutazama fainali. Mwanangu nilimkuta mikononi mwa mwanamke nisiyemfahamu kabisa, amelala fofofo. Nilipoingia naye ili nami nipige kura yangu, karani alimtazama akashika kiuno: "Huyu mtoto tena?"

Mheshimiwa alishinda. Alituongoza kwa kelele zake miaka kadhaa, kisha akapewa kazi kubwa serikalini, akatuaga, na kiti kikabaki wazi tena. Ndipo dada yangu mkubwa alipotuita nyumbani kwake, akatukaribisha chai, akasema anataka kugombea.

Nilifurahi, halafu nikaogopa. Dada yangu ndiye aliyetulea baba alipostaafu kazi ya reli na kurudi kwao magharibi mwa nchi. Alikuwa karani katika ofisi za kaunti tangu akiwa msichana, na hakuna nyumba Mbotela ambayo hakuwahi kuisaidia. Maji yakikatika, watu wanaenda kwake. Mtoto akikosa basari ya karo, wanaenda kwake. Lakini sheria inamtaka mfanyakazi wa umma ajiuzulu kabla ya kugombea, naye alikuwa ameshajiuzulu kabla ya kutuita. "Nafasi yangu tayari imepata mwenyewe," alisema. "Nisipopita, sina pa kurudi." Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayotumia kuuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Mpinzani wake alikuwa mwenye duka la dawa karibu na stendi. Baya kubwa nililowahi kusikia juu ya mtu huyo ni kwamba Jumamosi anafunga mapema aende kwaya.

Dada alifanya kampeni jinsi alivyo. Hakukodi spika. Alitembea nyumba kwa nyumba, akabisha, akangoja aruhusiwe, akavua viatu. Alisikiliza zaidi kuliko alivyozungumza. Akifika kwa ajuza, aliinama amsalimie kwa mikono miwili, na wakati wa kuondoka alimwambia, "Mama, siku hiyo mvua ikinyesha usijitese." Mimi nilikuwa nyuma yake nikisaga meno. Tukitoka nje namwambia, "Dada, mgombea hasemi hivyo!" Ananijibu kwamba si adabu kumtoa mtu mzima nje kwenye matope kwa sababu yako. Siku moja nilimsihi amtukane mtu, yeyote yule, hata kidogo. Alinitazama kama nimeomba aibe. "Nimtukane nani? Yule wa dawa ndiye aliyenipa dawa ya kikohozi wiki jana."

Watu walimpenda, na hilo nalisema kwa kiapo. Walimwita mheshimiwa wiki nyingi kabla ya kura. Wakimwona sokoni wanamwambia, "Hiyo ni yako, mama, tushamaliza." Naye aliwaamini. Hata mimi niliwaamini, ingawa kazi yangu ilipaswa kunifungua macho. Nauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Gikomba, na wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo hawakuwahi kushika meza Gikomba. Kule nguo niliyoipiga pasi na kuitundika vizuri, watu wanapita wakiisifu: nguo nzuri hii, mama, Mungu akubariki. Halafu wanaenda kusukumana kwenye rundo la jirani yangu anayepiga kelele na kuwatania wateja mpaka wanamjibu. Jioni nguo yangu inarudi nyumbani na sifa zake zote.

Wakati huo nilikuwa na mtoto mchanga tena, kitindamimba wangu. Asubuhi ya kura nilijipanga kama jemadari. Nilimnyonyesha mapema, nikamwogesha, nikamvalisha suruali ya kamera, yaani ile ya daraja la kwanza tunayoichagua robota likifunguliwa tu. Nikamfungia chupa ya maziwa kwenye mkoba ili asilie akiwa ugenini. Safari hii sikutaka hasira. Dada yangu ndiye aliyehitaji kura, na mtoto aliruhusiwa kuzunguka mpaka achoke. Nikaweka kiti mlangoni, nikakaa, nikangoja.

Hakuna aliyekuja. Kulikuwa na manyunyu mepesi. Mama wa nyumba ya kona alikuwa anaanua nguo zake kwenye kamba. Pazia la dereva lilikuwa limefungwa. Niliketi na mtoto aliyependeza vile, nikijiona mjinga, mpaka nikainuka nikaenda naye mwenyewe.

Shuleni palikuwa kimya. Polisi alikuwa ameketi kwenye dawati akimenya yai. Karani aliponiona na mtoto alinyanyuka kwa mazoea, akapunga mkono, akasema kwa sauti ya kazi, "Mama wa mtoto apite mbele!" Niligeuka kutazama ninaowapita. Nyuma yangu kulikuwa na uwanja mtupu na madimbwi.

Nilipotoka nilianza kubisha milango. Nakiri nilibisha kwa hasira, lakini baada ya milango michache udadisi ulizidi hasira, kwa sababu majibu hayakuwa ya watu wabaya. "Kwani si anashinda tu?" aliniuliza mama wa kona, akishangaa kweli. Ajuza mmoja alinishika mkono akanikumbusha kwa upole kwamba dada yangu mwenyewe alimwambia asijitese. Fundi wa viatu alisema jambo ambalo nimelitafakari mpaka leo: "Dada yako ni mtu poa. Huyu wa dawa pia ni mtu poa. Yeyote akiingia tuko sawa. Sasa niende kufanya nini?"

Ataniambia mtu kwamba uchaguzi mdogo ndivyo ulivyo, watu wako kazini. Nami najibu kwamba mheshimiwa wa kelele naye aliingia kwa uchaguzi mdogo, na siku ile waliojiajiri Gikomba walifunga meza zao bila kuambiwa na yeyote. Tofauti haikuwa siku. Tofauti ilikuwa mtu. Yule wa kwanza aliwaingia watu moyoni, wengine kwa raha na wengine kama mwiba, na wa pande zote mbili hawakuweza kubaki nyumbani. Dada yangu hakumchoma mtu. Kadiri nilivyozunguka nikiuliza, ndivyo nilivyoona kwamba mambo aliyopendewa ndiyo yaliyowaacha watu vitini. Nilitaka kumlaumu mtu mmoja nikamkosa.

Jioni matokeo yalitangazwa. Mwenye duka la dawa alikuwa amempita kwa kura chache mno; kwaya yake ilikuwa imejitokeza yote.

Kesho yake watu walianza kufika kwa dada kumpa pole, kama mtu aliyefiwa. Walileta unga, sukari, mkungu wa ndizi. Walikaa sebuleni wakitikisa vichwa. Wengine walilia, na sikuona unafiki katika machozi yale. "Tumepoteza," walisema. Dada alipika chai na viazi vitamu, na kama kawaida ya nyumbani kwetu hakumwachia mtu mwingine kazi ya kunawisha wageni. Alizunguka na birika la maji vuguvugu na beseni, akiinama mbele ya kila mmoja.

Nilikuwa nyuma yake nimeshika taulo, kwa hiyo niliona alichokuwa akikiona. Mgeni akinawa hunyoosha mikono yote miwili. Aliyepiga kura ana wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na wino ule hautoki kwa sabuni wala kwa chokaa, unangoja ukucha ukue. Mama wa kona alinyoosha mikono safi. Fundi wa viatu alikuwa na gundi vidoleni, lakini wino hakuwa nao. Wale waliomwita mheshimiwa sokoni, mikono safi. Dada alimwaga maji, akasema "karibu," akasogea kwa anayefuata. Shingo yake niliyoitazama kutoka nyuma ilikuwa imekakamaa, na mimi nilitaka kulitupa beseni lile ukutani.

Wa mwisho kwenye benchi alikuwa dereva wa lori. Macho yake yalikuwa mekundu. Miaka miwili kabla ya hapo dada alikuwa amehangaika ofisi baada ya ofisi mpaka mtoto wa kwanza wa dereva huyo akapata basari. Alinyoosha mikono yake mikubwa juu ya beseni. Ilikuwa safi.

Dada aliliinua birika, lakini hakumwaga.

"Nilikukosea wapi?" aliuliza. Hakuwa na ukali. Alitaka kujua, nami nilitaka kujua kuliko yeye.

Dereva alishtuka. "Wewe? Hujanikosea, mama. Hata siku moja." Aliitazama mikono yake, naona ndipo alipoelewa swali. Akaongea polepole, kama mtu anayejieleza kwa mara ya kwanza. "Yule mwingine ndiye alinikosea. Usiku wa kura yake sikupata usingizi, nilikuwa kwa gate kabla ya polisi. Huu wako nililala fiti. Nilijua uko, nikalala."

Dada alianza kummwagia maji, taratibu, na akaendelea kumwaga mpaka birika likaisha, na dereva hakuiondoa mikono yake.