Mshale wa Chaki Kwenye Gurudumu

Saa kumi na moja alfajiri, Bwana Pumzi amepiga magoti mbele ya injini iliyomzidi umri, anakipasha moto kichwa chake cha chuma kwa mwali wa mafuta ya taa. Haraka haina baraka hapa. Dakika ishirini zikipita na chuma kikawa chekundu, ndipo anapolikamata gurudumu zito kwa mikono miwili na kulisukuma.

Jina la Pumzi alipewa na wachimbaji. Injini yake huendesha kompresa, na kompresa hupeleka hewa chini mgodini, kwenye mashine za kutobolea miamba. Ikizimika, wanarudia sururu.

Kwa miaka thelathini na moja, hadi mwezi uliopita, hakuna mwingine aliyeiwasha. Sasa sikio la kushoto limekufa, la kulia liko njiani, na mwisho wa mwezi anastaafu. Meneja ameshamchagua mrithi: mdogo wake Bwana Pumzi wa tumbo moja, fundi umeme, mcheshi, kipenzi cha kila mtu.

"Tangu utotoni mimi napanda, yeye anavuna," anasema, wala hatabasamu.

Alimfundisha yote isipokuwa jambo moja. Injini hii hukubali kuzunguka upande wowote. Ikizunguka kinyume, hewa hutoka kama kawaida, ila pampu ya oili haisukumi hata tone, na kompresa hujila yenyewe kwa ndani.

Mwezi uliopita alikwenda kliniki kupimwa masikio. Aliporudi aliwakuta wachimbaji wanampigia mdogo wake makofi, injini inanguruma. Aliona wivu. Kisha akalitazama gurudumu: lilikuwa linazunguka kinyume.

Anakiri kwamba alisimama pale muda wa kutosha kumsalimia mtu na kumuulizia watoto wake. Ndipo akakimbia kufunga mafuta. Kompresa ilikuwa haishikiki kwa moto.

"Kaka, mbona hukuniambia?" mdogo wake aliuliza.

"Nilikuonea wivu."

Mdogo mtu akampa tambara afute mikono. Upole ule, anasema Bwana Pumzi, ulimuuma kuliko tusi.

Siku ya kustaafu atachora mshale mweupe kwenye gurudumu, na rangi keshanunua. Kwa sasa anauchora kwa chaki kila alfajiri, mdogo wake auone. Jioni, kabla ya kufunga mlango, anaufuta.

"Keshajua, ndiyo," anasema akikung'uta tambara. "Lakini mpaka mwisho wa mwezi, mshale ni wangu."