Cheti Kikubwa na Saini ya Mkuu

Wanafunzi walimwita Asidi, kwa sababu alifundisha kemia na kwa sababu ya ulimi wake. Akisafisha koo tu, darasa zima lilikuwa kimya. Kisha koo lenyewe likamsaliti. Ilianza kama mafua yasiyoisha, ikawa mkwaruzo, na mwishowe daktari akamwonyesha kwenye skrini vivimbe vilivyoota kwenye nyuzi za sauti.

"Mama, ualimu sasa basi," daktari alimwambia. "Ukiendelea kupaza sauti, hata ya kuagizia chai hutabaki nayo."

Aliondoka shuleni katikati ya muhula, bila hata keki ya kumuaga. Alikaa nyumbani akipanga upya makabati ambayo hayakuwa na shida yoyote, mpaka mdogo wake wa kike akachoka kumtazama. Huyo mdogo wake alifanya kazi ya kuajiri watu katika kampuni ya ujenzi, na alikuwa na jicho la kazi hiyo hata mezani kwa ndugu zake.

"Dada, wewe ni msimamizi wa miradi," alisema. "Hujui tu kwamba kazi yako ina jina. Nani aliyejenga ile maabara?"

Aliijenga yeye. Siyo kwa kubeba matofali, lakini ndiye aliyewabembeleza wafadhili, akachora meza zikae wapi, akamaliza likizo zake zote akisimama kwenye vumbi. Mkandarasi alipoweka sinki chini mno, alimfanya azing'oe zote aanze upya. Siku ya kufungua, mwalimu mkuu alikata utepe, na kibao cha mlangoni kikaandikwa jina la mkuu. Asidi alicheka siku ile. Aliona ni mambo ya wanaume na vibao vyao.

Mdogo wake alimweleza njia zilizokuwepo. Kulikuwa na cheti kidogo cha usimamizi wa miradi, cha misingi tu, ambacho mtu yeyote angeweza kukifanyia mtihani. Kulikuwa na kikubwa, kilichodai kwanza uthibitishe kwamba umewahi kuongoza mradi tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyekuwa bosi wako atie saini. Halafu kulikuwa na shahada ya chuo kikuu, lakini hiyo ingekula miaka.

"Matangazo ya kazi yanataka kipi?"

"Kikubwa. Ila ningekuwa wewe ningeanza na kidogo. Mtaka yote hukosa yote."

"Nikae dawati moja na watoto niliowafundisha juzi, nielezwe maana ya ratiba?" Asidi alisema kwa ile sauti yake ya msasa. "Hapana. Nitafanya kikubwa. Saini ya mkuu nitaipata nikiwa nimekaa."

Na kweli alikaa. Mkuu alimkaribisha ofisini, akamvutia kiti, akamuuliza habari za koo. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ameikunja juu ya tumbo.

"Mwalimu, ulitusaidia sana kwenye maabara," alisema. "Hilo siwezi kulikana."

"Sikusaidia, mkuu. Niliongoza. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinituma kwa mkandarasi, ukisema hujui lolote kuhusu mabomba."

Mkuu alitazama dirishani. "Unajua nakaribia kustaafu. Mtu hawezi kukaa tu nyumbani. Nami nimeomba kile cheti, nimeshapeleka maabara kama mradi wangu. Sasa nikikutilia wewe saini, itaonekana mmoja wetu ni mwongo."

"Na mmoja wetu ni mwongo."

"Mwalimu, tusivunjiane heshima."

Asidi alitaka kupiga kelele. Alitaka karani wa nje asikie, walimu wasikie, mpaka jikoni wasikie. Alifungua mdomo, akakaza shingo, lakini kilichotoka kilikuwa upepo. Mkuu alimmiminia maji kwenye bilauri, akamsogezea.

"Pole kwa koo," alisema, na ubaya ni kwamba alimaanisha.

Mdogo wake alimshauri ajaribu kwa mkandarasi, kwamba ushahidi wake huenda ukakubaliwa. Mkandarasi hakujificha, alipokea simu mara moja. "Mwalimu, najua ni wewe. Zile sinki bado naziota. Lakini mkuu ananipa kazi ya bweni. Niambie, wewe ungefanyaje?" Asidi alikata simu. Alijua yeye angefanya nini, na alijua kwamba kujua hivyo hakumsaidii kitu.

Akajiandikisha kwa cheti kidogo. Darasani alikaa nyuma, kati ya vijana waliotoka chuo karibuni, na mmoja alimwamkia "shikamoo mwalimu" mbele ya wote. Mkufunzi alipouliza mwenye mradi ni nani, walimtajia mfadhili, walimtajia mlengwa. Asidi aliinua mkono.

"Ni yule ambaye jina lake limebaki."

Walicheka, wakadhani ni utani. Alifaulu vizuri, kupita wengi wao.

Mkuu naye alifaulu. Ingependeza kusimulia kwamba aliumbuka, lakini hakuumbuka. Alistaafu na cheti kikubwa, na sasa hualikwa kwenye semina kueleza jinsi shule ndogo inavyoweza kujenga maabara.

Asidi alipata kazi ya msaidizi katika ofisi inayochimba visima. Anaandika kumbukumbu za vikao, anawafuatilia wachelewaji, anamwandalia taarifa bosi aliye mdogo kwake kwa umri. Kazi anaiweza. Ila kila akipewa jukumu huuliza mbele ya watu ni nani atakayethibitisha kwamba limefanywa na yeye, na hatoki kikaoni mpaka jibu limeandikwa. Wenzake wamemchoka. Wakienda kunywa chai, hawampitii tena mezani kwake.

"Dada, wanasema humwamini mtu," mdogo wake alimwambia Jumapili moja walipokuwa wakikunja nguo. "Zamani ulikuwa mkali, lakini watu walikupenda."

Asidi alivuta shuka walilokuwa wakilikunja pamoja, akalinganisha pembe.

"Wewe nipe upande huo," alisema. "Umeushika vibaya."