Nilivyompigia Mdhamini wa Ibra

Mimi ndiye wa kwanza kwetu kuwa na ofisi, na sijaacha mtu asijue. Juzi hapa mjini Nizwa nilimhoji msichana kutoka Ibra, mji wa kwetu, aliyeomba kazi kwenye idara yangu ya rasilimali watu. Mkurugenzi wetu Bwana Nassor, asili yake Unguja kama sisi, alikaa pembeni. Nikaanza na hotuba yangu ya kila siku: "Mimi sikuwa na wa kunifundisha kazi hii. Mama yangu anakaa nyumbani tu, anashona kofia."

Msichana akaniangalia, akanisogezea karatasi zake.

Cheti hakuwa nacho, ila mdhamini mmoja, Umm Salim, yaani mama wa Salim. Ibra ina akina Umm Salim tele, mama yangu akiwa mmojawapo, na namba ilikuwa ngeni. Nikapiga, nikafungua spika ili mkurugenzi asikie ninavyofanya kazi.

"Msichana huyu alikufanyia kazi gani?"

Sauti kavu ya kikazi ikajibu. "Akiwagawia kazi washonaji wangu thalathini. Mimi nawaajiri, nawafunza, nawapa likizo wakizaa, na wakigombana nawapatanisha."

"Tungempata bibi huyu tungepona," Bwana Nassor akaninong'oneza.

Nikaona nioneshe ukali wangu. "Nani wa kuyathibitisha hayo?"

"Wewe hapo, Asha. Wale wanawake uliokuwa ukiwamiminia kahawa tangu mdogo, ulidhani ni wageni? Na shikamoo yangu iko wapi?"

Kumbe mama ana simu ya kazi! Nikasimama mbele ya mkurugenzi wangu, nikaiamkia simu.