Macho Yangu Mbele ya Mashine ya Uongo

Siku ile ya mashine, mwanangu, naikumbuka mpaka nguo niliyovaa: gauni la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne. Nilikuwa msichana, mtunza stoo ya kahawa hapa Muleba. Magunia yalikuwa yamepotea, na funguo tulikuwa nazo wawili tu, mimi na dereva Filbert. Mmoja wetu angefukuzwa, pengine na kufungwa. Mwenye stoo akamleta mpimaji kutoka Dar na mashine yake ya kutambua uongo.

Niliogopa, lakini udadisi ulinizidi. Nilitaka kujua waya wa kwenye kidole unaijuaje siri iliyo moyoni.

Kumbe kabla ya waya kuna maongezi, na mpimaji anakuangalia tu. Niliingia nikapiga magoti, nikamwamkia nilivyofundishwa na mama. Kila alichouliza nilijibu "ndio, waitu" au "hapana, waitu", neno letu la kumheshimu mkubwa, macho sakafuni, sauti haisikiki. Filbert yeye alimkazia macho, akaapa hajagusa hata punje.

"Basi mwizi tumempata," akasema mwenye stoo. "Huyu binti hawezi hata kututazama."

Ningejiteteaje, na adabu yangu ndiyo inayonishtaki?

Mpimaji hakuwa na haraka. Akaniuliza habari za kwetu Ngenge, kisha ndizi zetu zinapikwaje. Nikaeleza yote nikiitazama sakafu ileile. Akamgeukia Filbert, akamuuliza habari za mpira. Macho ya Filbert yakazunguka dari, dirisha, viatu, huku anacheka na kutafuna punje za kahawa, kama ilivyo desturi yetu. Ila magunia yalipotajwa tu, kutafuna kukakoma, macho yakaganda usoni kwa mpimaji.

"Hiyo ni dalili, si ushahidi," mpimaji akamwambia mwenye stoo, akachukua waya. Filbert alipoona waya unamkaribia akaomba maji, akasema magunia yalipo. Mimi sikuwahi kufungwa ule waya, na mpaka leo nasikitika kidogo!

Kwa hiyo, mwanangu, usimhukumu mtu kwa uso wa siku ya hofu. Mjue kwanza alivyo akiwa na amani, anavyocheka, anavyonyamaza. Kikibadilika kitu, uliza, tena kwa upole.

Wewe umenitazama usoni tangu utotoni, hata nikikugombeza, na watu wanasema huna adabu. Waache waseme. Mungu akuzidishie siku na amani, na siku utakayoinamisha macho mbele yangu, nitavuta kiti nikuulize kuna nini.