Saa Haianzi Mpaka Uachie Bomba

Tulimwita Mbishi tangu akiwa na meno ya utoto, na hakuna siku aliyolikataa jina hilo. Mwalimu akisema jambo, yeye anauliza nani kasema. Mama yake akimwambia lala, anataka kwanza aelezwe kosa la kukesha. Akakua hivyo hivyo, akasomea kompyuta, akaajiriwa na kampuni ya kutengeneza programu, na akaacha kazi siku bosi alipomwambia kwamba wateja hawajui wanachotaka. "Basi anajua nani?" aliuliza, akakusanya vitu vyake. Wapo walioona ameipiga teke bahati yake. Mimi niliona ameokoa akili yake.

Mimi ni fundi wa viatu vya magurudumu kwenye ukumbi wa kuteleza wa shangazi yake. Nakaza nati, nabadilisha magurudumu yaliyolika upande, na nawafunga kamba watu wazima wanaoona haya kuinama mbele ya watoto. Benchi langu liko mlangoni mwa uwanja, kwa hiyo namwona kila anayeingia na majivuno na kila anayetoka ameshika kiuno.

Ukumbi ule una sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Ukuta mzima umezungushiwa bomba la chuma la kujishikilia, na saa yako haianzi kuhesabiwa unapolipa wala unapovaa viatu. Inaanza unapoachia bomba. Shangazi aliiweka mwenyewe alipofungua ukumbi. "Anayeshika bomba hatelezi," alisema, "ananing'inia tu. Nimtoze nini?" Kwa miaka mingi alikaa kwenye kiti kirefu karibu na kaunta akitazama mikono ya watu, na mkono ukiachia tu, anamwambia keshia aandike. Waoga walikuja kwake hata kutoka mitaa ya mbali, maana hapo woga haukutozwa.

Kisha macho ya Shangazi yakaanza kufifia. Mwanzo alikosea viatu, baadaye akakosea watu. Hapo ndipo Baba Mdogo, mdogo wake Shangazi na mwenzake katika biashara, alipomleta muuzaji wa mifumo ya mauzo, bwana mmoja nadhifu anayenukia vizuri. Alikuja na kompyuta, mashine ya risiti na programu, vyote tayari. Katika mfumo wake, saa inaanza risiti inapotoka. Shangazi akauliza habari ya bomba. Yule bwana akacheka kwa adabu, akasema, "Mama, biashara ndiyo inayofuata mfumo, si mfumo kufuata biashara."

Mbishi alikuwa amekuja kumjulia hali shangazi yake.

"Baba Mdogo," akasema, "hiyo ni nguo ya dukani. Inambana mtu mabega, halafu anaambiwa apunguze mabega. Yetu nitaishona mimi."

"Wewe? Peke yako?"

"Cherehani haihitaji baraza la mawaziri."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema Baba Mdogo. Lakini si mtu mbaya. Akampa muda mpaka likizo ya shule, msimu ambao ukumbi hufurika. Akishindwa, mkataba wa yule bwana utatiwa saini, na sheria ya bomba itakufa.

Mbishi alifanya kazi kwenye meza ya karakana yangu, katikati ya makopo ya grisi. Programu ya kwanza ilipendeza. Kila jozi ya viatu tuliipaka namba kubwa kisiginoni, kila namba ikapata kisanduku chake kwenye kioo cha kompyuta, na pembeni kitufe kilichoandikwa AMEACHIA. Akakiweka kaunta. Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa letu sote. Tulimzoea Shangazi pale kaunta hata tukaamini kaunta ndiyo inayoona. Kumbe haioni kitu. Aliyekuwa akiona ni Shangazi, juu ya kiti chake kirefu. Keshia wetu ni mfupi, na foleni ilikuwa imemziba. Alibonyeza kwa kukisia. Siku ya majaribio baba mmoja alihesabiwa muda akiwa chooni. Watu wakapaza sauti, foleni ikatoka nje, na yule muuzaji, aliyealikwa na Baba Mdogo makusudi, akasimama pembeni akitikisa kichwa kama aliyekuja msibani. Nilipandwa na hasira mpaka nati ikanidondoka.

Mbishi hakulia wala hakumwomba mtu radhi. Alikuja akasimama mbele ya benchi langu.

"Ukikaa hapa unaliona bomba lote?"

"Naona mpaka wanaofuta kamasi."

Akakiondoa kitufe kaunta, akakiweka kwenye simu kuukuu, na simu akaifunga kwenye benchi langu. Mtu akiachia bomba, nasoma namba ya kisigino, nabonyeza, kaunta inajua. Tangu hapo hakuna aliyegombana nasi. Keshia alipata hata nafasi ya kutabasamu, jambo ambalo sikujua kwamba analiweza.

Nikadhani vita vimekwisha. Kumbe Jumamosi moja ya likizo, ukumbi umejaa, Baba Mdogo akaja na muuzaji nyuma yake, mkataba mkononi. Akaegemea kaunta upande wa benchi langu, aliposimama Mbishi, akashusha sauti ili isifike kwenye kiti cha Shangazi.

"Mwanangu, programu yako nimeikubali. Jambo moja tu. Mtu akikawia kwenye bomba, saa ianze yenyewe. Dada haoni tena, hatajua."

Niliyasikia, na nikaona aibu kwa niaba yake.

"Ndiyo maana siwezi," akasema Mbishi. "Angekuwa anaona, ningekwenda nikabishana naye. Kumfanyia hivyo asiyeona si kubishana naye, Baba Mdogo. Ni kumwibia."

"Basi natia saini leo hii."

"Tia. Lakini kwanza nenda kamwambie yule mama kwamba muda wake umeanza. Mimi simwambii, na programu yangu haimwambii."

Akaonyesha kwa kidevu. Upande wa pili wa ukumbi kulikuwa na muuguzi mmoja, mama mnene wa makamo, aliyekuja kila Jumamosi na hajawahi kuachia. Aliwahi kuniambia kwamba kazini na nyumbani kila mtu anamshika yeye, na hapa tu ndipo anapopata kitu cha kushika. Alikuwa akijivuta ukutani polepole, jasho linamtiririka, midomo ameikaza.

Baba Mdogo hakutaka kushindwa mbele ya muuzaji. Akapita mlangoni pangu na viatu vyake vya ngozi vilivyopigwa kiwi, akatembea kwa tahadhari mpaka alipokuwa yule mama. Nikamwona anafungua mdomo. Hakuwahi kusema. Muuguzi alipomwona mtu mzima amesimama karibu, miguu imetulia chini, alitoa mkono mmoja kwenye bomba akamkamata. Kisha akautoa na wa pili. Wakaanza kusogea hivyo, yeye anatetemeka mwili mzima, Baba Mdogo amekakamaa kama nguzo, koti limevutwa bega moja.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Bomba lenyewe alikuwa ameliachia, hilo siwezi kulikana. Nikamtazama Mbishi. Macho yake yalikuwa kwa baba yake mdogo. Wimbo mmoja ulikuwa umekwisha na mwingine haujaanza, na kutoka kwenye kiti kirefu Shangazi akauliza, kama alivyouliza kila Jumamosi:

"Muuguzi ameachia?"

Muuzaji akamtazama Baba Mdogo. Sote tukamtazama.

"Bado, dada," akajibu Baba Mdogo, bila kugeuka. "Kanishika mimi."