Zipora na Shanga za Kusafisha Maji

Ng'ombe kumi na mmoja wa Zipora walikufa mchana mmoja, kule Mwakitolyo, baada ya kunywa maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Hakulia. Majirani waliokuja kumpa pole walilia kuliko yeye, mpaka wakaanza kumsema. Kwa miaka mitatu iliyofuata moyo wake ulikuwa umekufa ganzi: alikula, alipalilia, aliitikia shikamoo za watoto, basi.

Mwenye mtambo, Abdulshakur, alimpa kazi badala ya fidia. Wajuao kukwepa hawakosi njia. Kazi yenyewe ilikuwa kuangalia mapipa mawili ambamo maji machafu yenye sayanaidi yalipitia kabla ya kwenda bwawani. Mapipa hayo yalijaa shanga laini, nyeupe, ukubwa wa choroko. Juliana, fundi wa maji aliyezileta, alimweleza kwamba ndani ya kila shanga mmefungiwa vimeng'enya, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huivunja sumu.

"Tukivimwaga hivihivi, mama, vitaondoka na maji siku hiyohiyo," alisema. "Humu vinakaa, vinafanya kazi tena na tena. Ila havipendi joto."

Miezi minane, kila saa nne asubuhi, Zipora alichovya karatasi ya kupimia, nayo ikabaki nyeupe, ishara kwamba sumu imeisha; ingekuwa bado ipo, ingegeuka bluu. Jirani yake, Mayala, akarudi kunywesha ng'ombe wake bwawani kwa sababu Zipora alimwambia maji ni salama.

Kisha shanga zikaanza kunuka. Kwao Zipora, kibuyu cha maziwa kikinuka hakitupwi: kinasuguliwa, kinaanikwa mpaka harufu ikatike. Ndivyo mama yake alivyomfundisha, na mazoea yana taabu. Jumamosi alizichota shanga zote, akazisugua, akazitandaza mkekani juani kutwa nzima, kama mtu anayeanika michembe ya viazi. Msidhani alisahau neno la Juliana. Alilikumbuka vizuri, ila kwake yeye joto ni la jikoni, jua la kuanikia ni jua tu. Jioni alizirudisha zimesinyaa, hazinuki hata kidogo, akajiona fundi.

Jumatatu alfajiri alifungua koki ya mapipa, aliyokuwa ameifunga tangu Jumamosi. Saa nne akachovya karatasi. Ikawa bluu. Akachovya nyingine, nayo bluu.

Alifunga koki, akatazama bondeni. Vumbi la ng'ombe wa Mayala lilikuwa limeshakaribia bwawa. Akakimbia. Hata akiwa mbioni hakuona hofu wala uchungu. Ilikuwa miguu tu inakwenda.

"Mwangaluka, mayu," Mayala alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

Zipora alimnyang'anya fimbo, akampiga puani dume aliyetangulia, tena na tena, mpaka kundi likageuka. Lakini mtamba mmoja mwekundu alikuwa amekwisha kupenya hadi kwenye mdomo wa bomba linalomwaga maji ya mapipa bwawani. Alikunywa, akainua kichwa, miguu ikamtetemeka, akaanguka. Mayala alimpata mtamba huyo kwa mahari ya binti yake.

"Kumetokea nini, mayu?"

"Nimeharibu zile shanga. Niliziweka juani, dawa yake ikafa. Huyu nimemuua mimi, Mayala."

Mayala alichuchumaa, akamshika mtamba shingoni. Hasira ilimpanda, ila haikujua ianzie wapi.

"Ungesema tu ni mtambo," alisema hatimaye. "Nani angejua?"

"Wangu kumi na mmoja, watu wa mtambo walisema ni ugonjwa," Zipora alijibu. "Hakuna hata mmoja aliyekuja akaniambia, ni mimi."

Zipora aliketi vumbini kando ya mtamba, akaanza kulia kwa sauti, akiwataja ng'ombe wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Mayala alimsubiri mpaka akawamaliza wote.