Mkeka wa Ngano Mbele ya Nyumba

Niliolewa Iringa miaka ya hamsini, nikitokea kwetu Mbeya, na katika vyombo vyangu lilikuwemo debe la ngano. Mama yangu alikuwa mtu wa Pwani, lakini ngano ya milima ya Uporoto aliipenda kuliko mchele. Aliichemsha mpaka ikavimba, akaianika ikakauka kabisa, kisha akaitwanga kidogo ipasuke tu. Chenga zile akizipika kwa kitunguu na nyama, unakula asubuhi na mpaka alasiri tumbo halijakusumbua. Nimekula hivyo tangu naota meno, na sikuona kwa nini ndoa initenge na chakula changu.

Wiki ya pili nikachemsha ngano yangu, nikaianika kwenye mkeka mbele ya nyumba, penye jua. Mama mkwe akatoka, akasimama mikono kiunoni. Yeye alikulia vijiji vya Wahehe na alisilimu alipoolewa. Kwao nafaka iliyolowa ikiwa mkekani ni kimea, na kimea ni cha kupikia pombe.

"Mwanangu, nyumba hii tunaswali," akasema. "Ondoa kimea chako."

"Si kimea, mama. Ni chakula."

"Nimekua naona pombe ya ugimbi inapikwa. Utanidanganya mimi?"

Jioni mume wangu aliporudi kutoka dukani, mama yake akamwambia neno moja: niimwage ngano na kuomba radhi, au nirudi kwetu. Alikuwa mtu mwema, ila alimwogopa mama yake. "Omba radhi tu, yaishe," akaninong'oneza. Hasira zikanipanda. Nikiomba radhi kwa pombe nisiyoipika, nitaitwa mpika pombe mpaka nizeeke. Nikamwambia siombi, na simwagi.

Nikalowesha vitambaa viwili. Kimoja nikakifungia ngano mbichi, cha pili ile niliyoichemsha. Nikaviweka dirishani, chumbani kwa mama mkwe mwenyewe.

"Mama, unajua kimea lazima kiote. Ya kuchemsha ikiota, nafunga mizigo bila kuambiwa."

Yai la kuchemsha halitoi kifaranga, hilo nililijua. Hata hivyo niliogopa. Sufuria lilikuwa limejaa mno siku ile ya kuchemsha, na ingetosha punje moja iliyokosa moto kunirudisha Mbeya na aibu. Kila asubuhi nilimwamkia, nikamtazama usoni, nikaenda kupika ugali wao.

Siku ya tano akaniita. Ngano mbichi ilikuwa na vijizizi vyeupe. Ya kuchemsha ilikuwa imeoza, haina hata kijizizi kimoja.

"Haya, ni chakula," akasema. "Ila uanikie nyuma. Mimi najua, wapita njia hawajui."

Nikatoka, nikaukamata mkeka na ngano yake, nikausogeza mpaka karibu na njia.

"Basi wajue," nikasema. "Na wakiuliza, mama, utawajibu wewe. Wewe ndiye uliyeona."

Wa kwanza kuuliza alikuwa jirani yetu, mwanamke mwenye sauti kubwa, akitoka sokoni na kapu lake. Nikajitia kufukuza kuku. Mama mkwe, aliyekuwa amenifuata nje, akanitazama, akaona sina mpango wa kumsaidia.

"Ni ngano ya kula," akasema. "Mkwe wangu hapiki pombe."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo siku tano, na sikumshukuru.